Jaribio la Ijumaa

Kibokoni, Mombasa
Jumanne, 9 Julai 2024

Mwalimu wangu Ishak,

Shikamoo. Natumai Maskati imekupokea vyema na joto lake halijakushinda. Binti yako Fariha ameniambia kwamba upasuaji wa koo umeondoka na sauti yako, na kwamba sasa unawagombeza watu kwa maandishi. Basi nigombeze na mimi. Tangu ustaafu, hapa hospitali ya Bi Sakina hakuna wa kunifokea nikikosea, na hilo linanitia hofu kidogo.

Nimeyashika makabati yako yote mawili ya swichi za mtandao, la nyumba kongwe na la nyumba mpya. Vumbi nimefuta. Picha ya mjukuu wako uliyoibandika ndani ya mlango nimeiacha palepale.

Jambo kubwa ni hili. Dada yako Bi Mehrunnisa amelazwa chumba cha juu kabisa cha nyumba kongwe. Mapafu yamemzidi, hatembei tena, na mpira wa mashine ya hewa hautoki puani mwake usiku wala mchana. Mimi nilitaka alazwe nyumba mpya, karibu na meza ya wauguzi. Akanitazama kana kwamba nimemtukana. "Kule kwanuka rangi," akasema. "Mimi sendi."

Jumamosi umeme ulipepesa. Swichi, kipimo na skrini zina betri, lakini unaijua ile mashine: umeme ukikatika inazima, na ukirudi haijiwashi mpaka mtu aibonyeze. Hewa ikaanza kumshuka, kile kipimo cha kidoleni kikapeleka habari kwenye swichi yako, habari ikavuka wikio mpaka nyumba mpya, na kengele ikalia mezani kwa muuguzi Beryl. Beryl alipita kwenye wikio hilo, lile daraja la juu ya kichochoro, mbio, viatu mkononi. Nilipofika mimi, Bi Mehru alikuwa ameshapata pumzi na anamwuliza Beryl kwa nini anahema.

Sasa swali langu. Mahali pengine pote umepitisha waya mmoja. Kwenye wikio umepitisha nyaya mbili, mweupe na wa buluu, kutoka swichi ile ile kwenda swichi ile ile, ukazifunga ziwe kitu kimoja. Mmoja haukutosha?

Mwanafunzi wako,
Kache Chengo


Maskati
Ijumaa, 12 Julai 2024

Kache binti yangu,

Assalaam alaikum. Joto halijanishinda. Kinachonishinda ni chakula cha Fariha, ananisagia kila kitu mpaka biriani.

Swali lako ni zuri na limechelewa. Siku ya kwanza nilikwambia usithubutu kuchomeka nyaya mbili kati ya swichi mbili, kwa sababu habari itapanda kwa huu na kurudi kwa ule, izunguke bila kikomo mpaka kila kitu kisimame. Hiyo ni kweli, ila ukiziambia swichi zote mbili kwamba nyaya hizo ni fungu moja, mambo yanabadilika. Zitagawana mzigo, habari nyingine kwa mweupe, nyingine kwa wa buluu. Na mmoja ukikatika, mzigo wote unahamia kwa mwenzake papo hapo, hakuna mtu atakayehisi.

Na hapo ndipo penye hofu yangu, kwamba hakuna mtu atakayehisi. Fungu lililobaki na waya mmoja linawaka taa ile ile ya kijani kama fungu zima. Kwa hivyo usiniandikie hata siku moja kwamba fungu liko kijani. Kijani kinakwambia uende zako ukanywe chai. Niambie ni nyaya ngapi zinafanya kazi.

Mimi nilikuwa na ada yangu. Kila Ijumaa, watu wakishatoka msikitini, nachomoa waya mmoja na kuuacha nje mpaka alasiri. Ijumaa hii mweupe, Ijumaa ijayo wa buluu. Walinicheka, walisema nazifungisha saumu nyaya za watu. Lakini waya mbovu unaweza kubeba mzigo kwa dakika chache kisha ukashindwa, na utajua hivyo tu ukiuachia peke yake kwa muda. Nataka uishike ada hiyo, usiipumzishe.

Mehru ndiye aliyenilea mama alipofariki. Alinivisha, alinipeleka chuoni, alinipiga nilipostahili na nilipokuwa sistahili. Macho yake hayasomi tena, na mimi sina sauti ya kumpigia simu. Msomee barua zangu. Hizo habari za nyaya ziruke.

Akuombeaye heri,
Ishak


Kibokoni
Jumatatu, 22 Julai 2024

Mwalimu,

Shikamoo. Nimefanya jaribio Ijumaa. Nilichomoa wa buluu, nikauacha mpaka alasiri, mweupe ukabeba peke yake bila taabu. Sasa zote mbili zimo ndani na zote mbili zinafanya kazi. Sufyan wa duka letu la dawa alisimama nyuma yangu muda wote kunisimamia. Ananiambia wewe ulikuwa unasoma dua kwanza. Sijui kama ni kweli au ananichezea.

Habari za nyaya sikuziruka, maana dada yako alinikamata. "Barua hii ina shimo katikati," akasema. "Soma yote." Nikasoma. Kisha akauliza wa buluu ni upi na mweupe ni upi, na Ijumaa akaniuliza leo nani anafunga.

Kuna wizi wa dawa hapa chini, kwa hiyo meneja wetu mpya, Kenneth Gunga, ameleta mafundi wa kufunga kamera. Halafu boriti za wikio zimeoza, kuna mwashi anaitwa Chirau anazibadilisha moja moja. Kelele mchana kutwa. Bi Mehru anampenda, anasema angalau kuna mwanamume anayefanya kazi katika nyumba hii.

Kache


Maskati
Jumatatu, 29 Julai 2024

Kache binti yangu,

Dua nilikuwa nasoma. Sufyan hakukudanganya.

Wiki ijayo naanza tiba ya miale, siku tano kila wiki mpaka mwisho wa Septemba. Daktari amenionya kwamba nikiikatiza katikati, ugonjwa utarudi na hatakuwa na la kunifanyia tena. Fariha ameificha pasi yangu ya kusafiria. Anajua alimzaa nani, au niseme anajua nani alimzaa yeye.

Nakuomba kitu kimoja. Usinipambie maneno kuhusu dada yangu wala kuhusu kitu chochote kinachomlinda. Nikisikia kuna neno, nitaitafuta hiyo pasi mpaka niipate, nije mwenyewe.

Mafundi wa kamera wasiachwe peke yao na kabati langu.

Ishak


Kwa Meneja, Bw. Kenneth Gunga
Hospitali ya Bi Sakina
Alhamisi, 1 Agosti 2024

Bwana Kenneth,

Kwa heshima naomba usome barua hii mpaka mwisho, maana jana mlangoni ulikuwa na haraka.

Fundi wa kamera amechukua waya wa buluu unaovuka wikio. Aliona nyaya mbili zimetoka swichi moja kuingia swichi moja, akasema mmoja ni wa bure, akauchomeka kwenye kisanduku cha kamera zake. Haukuwa wa bure. Sasa habari zote za nyumba kongwe, pamoja na kengele ya Bi Mehrunnisa, zinapita kwenye waya mweupe peke yake.

Nimejaribu nijue itakuwaje na mweupe nao ukikatika. Nilivaa kipimo mimi mwenyewe, nikauchomoa kwa muda mfupi, Beryl akiwa amekaa na mgonjwa. Skrini ya wauguzi haikuandika kosa lolote. Ilibaki na namba ya mwisho iliyoipata, nikakivua kipimo kidoleni, namba ikabaki ileile. Kengele haikulia. Mtu aliyekaa mezani ataona mgonjwa ana hewa ya kutosha hata kama anakata roho.

Naomba waya wa buluu urudi leo. Kama haiwezekani, naomba ruhusa ya kupitisha mwingine.

Nakwambia na hili ulijue. Bi Mehrunnisa ameniapisha nisimwambie nduguye. "Ishak yuko na tiba," aliniambia, "akisikia ataiwata aje kunikalia hapa, afe yeye kabla yangu." Ameniwekea mkono wangu juu ya msahafu wake, mimi Mkristo, na nimeapa. Kwa hivyo siwezi kumwuliza mtu anayejua kuliko mimi. Nina wewe tu.

Kache Chengo
Fundi wa mtandao


Ofisi ya Meneja
Ijumaa, 2 Agosti 2024

Dada Kache,

Nimesoma mpaka mwisho. Nimeshuka mwenyewe kabatini na fundi wa kamera, tumeangalia, taa ya fungu lako iko kijani na kila kitu kinafanya kazi. Wenye hospitali wanataka kamera ziwe tayari kabla ya mkutano wao, na waya huo ndio uliopo.

Waya mpya hauwezi kupita kwa sasa. Bomba la kwenye wikio limejaa, na mwashi hataki mtu aguse mpaka amalize boriti. Akimaliza tutapitisha. Nakuahidi.

Pole kwa wasiwasi. Funga kabati ukae na ufunguo wewe, asiguse mtu.

Kenneth Gunga


Kibokoni
Jumatatu, 12 Agosti 2024

Mwalimu wangu,

Shikamoo, na pole na miale. Fariha anasema koo limekubabuka na sasa hata maji unayaogopa. Vumilia. Ukimaliza Septemba nitakuletea mwenyewe achari ya ndimu uitakayo.

Huku tuko vizuri. Jumapili Beryl alikwenda ufukweni Mama Ngina na watoto wake, akamletea Bi Mehru mihogo ya kukaanga. Hawezi kuitafuna, lakini alilamba pilipili na ndimu mpaka midomo ikawaka, akasema hiyo ndiyo dawa waliyomnyima. Barua yako ya mwisho nimemsomea mara mbili. Ile ya pasi ilimchekesha sana, ikabidi nimshike mgongo.

Chirau amebakisha boriti chache. Anasema nyumba hii ilijengwa na watu waliokuwa na mkaidi kati yao, kila ukuta una upana wake. Kelele za nyundo zimepungua, kwa hivyo mchana Bi Mehru anapata usingizi baada ya chakula.

Usiwe na wasiwasi na kazi. Fungu liko kijani.

Kache


Maskati
Jumanne, 20 Agosti 2024

Ndugu yangu Sufyan,

Assalaam alaikum. Natumai mgongo umekuacha ulale, na duka linakwenda.

Nakuandikia wewe kwa sababu sina mwingine. Yule Kache ni msichana mwema, nimemfundisha kwa mikono yangu, na akili anayo. Lakini barua yake ya mwisho imeninyima usingizi. Ameniambia fungu liko kijani. Hilo neno nilimkataza, na alinielewa. Jaribio la Ijumaa halitaji, nyaya ngapi haziandiki, ananiandikia habari za mihogo. Nimeisoma barua ile mara nyingi, na kila nikiisoma naona mtu aliyechoka na kazi ameanza kuiacha. Mafundi wazuri wengi nimewaona wakiharibika hivyo hivyo, kwa uvivu mdogo wa kila wiki. Ningekuja, lakini Fariha ameificha pasi na mwili wenyewe hauna nguvu ya kuitafuta.

Ufunguo wa akiba wa kabati niliokuachia bado unao. Ijumaa hii, ukitoka msikitini, fungua kabati la nyumba kongwe. Utaona mweupe na wa buluu, pembeni kulia, chini. Chomoa mweupe. Uache nje mpaka alasiri, kisha uurudishe mpaka usikie umekamata. Katikati hapo pita nyumba mpya, kwenye meza ya wauguzi, utazame namba ya dada yangu. Ikiwa inaonekana, basi wa buluu ni mzima na nitalala. Ikipotea, rudisha mweupe haraka uniandikie.

Usimwambie Kache. Sitaki ajue kwamba simwamini. Ataumia, na huenda nimekosea.

Ndugu yako,
Ishak


Kibokoni
Ijumaa, 23 Agosti 2024, asubuhi

Mwalimu,

Nimeapa kwa msahafu wa dada yako, na sasa navunja kiapo. Mungu atanihukumu anavyotaka, nimeshindwa kulala.

Waya wa buluu haupo kwenye fungu tangu mwanzo wa mwezi. Fundi wa kamera aliuchukua kwa ajili ya kisanduku chake, meneja akaniambia nisubiri boriti. Fungu lina waya mmoja tu, mweupe. Nilikwambia kijani. Haukuwa uongo, ndiyo maana uliniuma zaidi. Jaribio la Ijumaa nimeliacha tangu siku ile, kwa sababu sina cha kujaribu: nikichomoa mweupe, kengele ya Bi Mehru inakufa, na skrini ya wauguzi inabaki na namba ya zamani kana kwamba hakuna kilichotokea.

Lakini leo nina habari njema, ndiyo maana nimepata ujasiri. Chirau amemaliza wikio jana. Kenneth ametimiza ahadi yake. Mchana huu nakwenda Makupa kwa Arsalan, muuza nyaya, kuchukua roli la waya, na kesho asubuhi tunaupitisha. Kesho hiyo hiyo utakuwa na nyaya mbili tena.

Mpaka hapo kabati nimelifunga, ufunguo ninao mfukoni, na hakuna mtu mwingine anayeweza kuligusa. Nimemwomba Beryl asiiache skrini.

Usije. Dada yako ndiye anayeomba, si mimi. Leo ameamka vizuri, amenifukuza chumbani nisimkae kichwani, nikamwuliza mbona mkali. "Yule nduguyo mpya wa Maskati," akasema, akimaanisha wewe, "ndiye aliyekufunza kuogopa. Enda zako Makupa."

Unisamehe.
Kache


Kibokoni
Ijumaa, 23 Agosti 2024, alasiri

Kwa ndugu yangu Ishak,

Waalaikum salaam warahmatullah. Nakuandikia nikiwa nimesimama hapa hapa kabatini, kidole kimoja kwenye simu, unisamehe makosa.

Kazi yako nimeifanya kama ulivyoagiza. Nilitoka msikitini moja kwa moja. Kache hakuwepo, wamesema amekwenda Makupa, kwa hivyo siri yako iko salama. Dua nilisoma. Nilichomoa mweupe. Wa buluu nao upo na umechomekwa barabara, ingawa nimeona umeingia kwenye kisanduku cheusi nisichokijua. Nikasema haya ni mambo ya siku hizi, si ya kuuliza.

Kisha nilikwenda mezani kwa wauguzi, nikakaa na Beryl, tukanywa kahawa. Nikaiona namba ya dada yetu Mehru. Tisini na tatu. Umeme ulikatika pale katikati, ukarudi, taa zikapepesa kote. Mimi macho yangu kwenye skrini tu. Tisini na tatu. Beryl alitaka kwenda kumwona baada ya umeme kurudi. Nikamwambia, muuguzi, kaa unywe kahawa yako, si unaiona namba? Haikutikisika hata mara moja, ndugu yangu. Waya wako wa buluu ni simba.

Mweupe nimeurudisha sasa hivi, umekamata vizuri. Na mara tu nilipourudisha, kengele imelia kule nyumba mpya, naisikia mpaka hapa, na haijanyamaza. Kwa hivyo kengele nayo ni nzima. Nawasikia wauguzi wanakimbia juu ya wikio.

Kache hajauacha wajibu. Ulimdhania vibaya. Lala sasa.

Sufyan


Kibokoni
Jumatatu, 26 Agosti 2024

Mwalimu wangu,

Sina salamu za kuanzia. Najua Fariha alipokea simu jioni ile ile, na kwamba ulikuwa kwenye miale, na kwamba hukuisoma barua yangu ya asubuhi mpaka dada yako alipokuwa ameshakwenda. Tumemzika Jumamosi. Watu walijaa mpaka kichochoro kikafungwa. Sufyan wa duka la dawa alilibeba jeneza kwa mbele na hakumpa mtu mwingine zamu.

Uliniomba nisikupambie maneno, nikakupambia. Sasa nakwambia kama ilivyokuwa. Umeme ulikatika mchana. Mashine ilizima. Alikuwa amelala. Kitanda chake kiko mbali na kitufe, na hata angeamka mkono usingefika. Kengele haikulia kwa sababu waya mweupe ulikuwa nje.

Haukukatika wenyewe. Swichi huandika kila waya unapotoka na unapoingia, na nimesoma ilichoandika mashine ile isiyojua huruma. Mweupe ulitoka watu walipokuwa wanatoka msikitini na ukarudi alasiri. Kuna mtu aliuchomoa kwa mkono, akasubiri, akaurudisha. Kabati halikuvunjwa. Nani anafanya jambo kama hilo, Mwalimu? Nani anasimama hapo chini huku mwanamke anaishiwa pumzi ghorofani, kisha anarudisha waya na kwenda zake? Nimemwuliza kila mtu. Nimemwuliza hata Sufyan kama alimwona mgeni yeyote karibu na kabati. Alikuwa analia, akasema hakuona mgeni.

Kenneth amewaita polisi. Wamemkamata Chirau, yule mwashi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akishinda kwenye wikio na alikuja Ijumaa kuchukua vyombo vyake. Mkewe alikuja kwangu jana na mtoto mgongoni, akakaa kizingitini. Mimi simwamini Kenneth, lakini sina jina jingine la kuwapa.

Nimlaumu nani kabla ya nafsi yangu, najua. Nikimaliza hili nitaacha kazi. Lakini kwanza nitampata huyo mtu. Nataka aangalie kile kitanda. Nataka anieleze.

Wewe ulilifunga kabati hilo miaka yote. Niambie kitu kimoja tu. Nani mwingine ana ufunguo?

Kache


Maskati
Jumanne, 27 Agosti 2024

Kache binti yangu,

Usimtafute mtu. Ni mimi.

Ipeleke barua hii polisi leo, usingoje kesho, wamwachie Chirau arudi kwa mkewe. Waambie waya ulichomolewa kwa amri yangu, na aliyeuchomoa alikuwa na ufunguo wangu na aliamini anamlinda mgonjwa. Chochote watakachotaka kufanya, wanifanyie mimi. Wakitaka nije, nitakuja. Fariha ameniletea pasi mwenyewe, ameiweka mezani.

Uliponiandikia kijani nilidhani umekuwa mvivu. Haikunijia hata kidogo kwamba unanihurumia. Ningekuuliza ungesema. Sikukuuliza, kwa sababu sikutaka ujue nimekushuku. Nilimtuma mtu kwa siri, nikamwambia upi achomoe, na nikamwambia auache nje mpaka alasiri. Jaribio nililibuni mimi ili Mehru asife peke yake.

Usiache kazi. Pitisha huo waya, hata kama chumba kile sasa ni kitupu. Atalazwa mtu mwingine.

Mkono uliouchomoa ni wa Sufyan. Hajui. Kwake yeye jaribio lilifaulu, ameniandikia hivyo, na ameniambia nilale. Kabla polisi hawajafika dukani kwake anapaswa kuusikia ukweli kwa maandishi yangu. Tangu asubuhi najaribu kumwandikia, nafika kwenye jina lake nashindwa. Nitaandika. Nipe mpaka magharibi.

Ukimkuta kabla barua haijamfikia, atakusimulia alivyokaa na Beryl wakaitazama skrini, na atakuuliza kama kweli namba haikutikisika. Mwambie haikutikisika.

Ishak